Jani la Sale Nililompelekea Babu

Ilianza Jumamosi, tarehe 7 Desemba 1996, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa naitazama ile ya ukutani ofisini kwa baba, naomba ifike saa sita nifunge, mara nikasikia mlango wa gari ukibamizwa nje. Aliingia mama mmoja wa makamo, amevaa miwani myeusi. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Mwenye ofisi yuko wapi?"

Nikasema yuko nyuma. Nilisema kwa sauti ndogo mno, akauliza tena, nikanyoosha kidole.

"Basi mwite. Mwambie kaburi la mama yangu limevunjwa. Na aliyelivunja ni mzee wenu, nimemkuta nyundo mkononi."

Mzee wetu alikuwa babu yangu, baba yake baba.

Sisi tunajenga makaburi. Shuleni nikiulizwa huwa nasema baba ni mjenzi, halafu naomba Mungu mtu asiulize anajenga nini. Kwetu mlimani mtu hata akifia Dar es Salaam au Mwanza analetwa nyumbani, anazikwa kwenye kihamba, shamba la urithi la ukoo, katikati ya migomba na kahawa. Mwaka mmoja au miwili baadaye watoto wake wanalijengea kaburi, na karibu wote wanataka liwe tayari kabla ya Krismasi, kwa sababu Desemba ndipo kila mtu anaporudi, na ibada ya kumbukumbu inafanyika watu wakiwepo. Miaka hiyo magari ya msiba yaliyotoka mjini yalikuwa mengi. Walioletwa wengi walikuwa vijana. Watu wakisema "ule ugonjwa" walishusha sauti. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli kwamba kazi ya baba ilikua kwa ajili hiyo, na kwamba viatu vyangu vya shule vilitoka huko.

Aliyeianza kazi ni babu. Alifundishwa uashi misheni akiwa kijana, akabobea katika terazo. Anachanganya simenti na chengachenga za marumaru, anamwaga juu ya kaburi, anasubiri ikauke, halafu anapiga magoti na jiwe la kusugulia na ndoo ya maji. Anasugua siku nne, siku tano. Mwanzoni unaona uji wa kijivu tu. Siku ya tatu zile chenga zinaanza kutokeza moja moja, nyeupe, nyeusi, nyingine za rangi ya damu ya mzee. Kaburi moja lilimchukua wiki mbili, na hakuna aliyemharakisha. Baba alijifunzia hapo hapo, kwa kumshikia ndoo.

Halafu vikaja vigae. Biashara ilipofunguliwa, maduka ya Moshi yakajaa kila kitu, na vigae vya kutoka ng'ambo vikawa vinapangwa barabarani kama mikate. Kaburi la vigae unalimaliza kwa siku mbili, na linang'aa kuanzia siku ya kwanza. Wateja wa Dar hawakutaka kusikia kitu kingine. Babu alisema maneno yake mara moja tu, mbele ya baba na mimi nikisikia:

"Vigae ni vya chooni. Nimlaze mtu wa watu chooni?"

Baba alicheka. Kesho yake akaenda mjini kununua mashine ya kukatia vigae.

Sitaki mtu adhani baba yangu ni mtu wa tamaa. Alikuwa fundi, tena fundi mzuri, na kuacha kuwa fundi kulimuuma. Aliajiri mafundi wanne, lakini kila jioni alizunguka walikofanya kazi, akakwangua mistari waliyojaza, akaijaza upya mwenyewe. Desemba moja nikiwa darasa la saba makaburi mengine yalibaki chungu za mchanga kwa sababu yeye alikuwa bado anarudiarudia yale ya kwanza. Kuna ukoo mmoja walifanya ibada yao pembeni ya lundo la kokoto. Mchungaji aliruka mfuko wa simenti ili afike kwenye msalaba. Siku hiyo mama alimwambia baba mezani:

"Wewe una vibarua wanne, na fundi ni wewe. Mwenye kazi bado hatujamwona."

Siku iliyofuata baba alimpa fundi mkubwa mwiko wake, ule wa mpini wa mninga, akamwambia, "Usinirudishie hata nikiuomba." Tangu hapo akawa anatembea na mikono mifukoni. Nilimuuliza siku moja kwa nini, akasema, "Ikitoka nje inaanza kufanya kazi." Alimgawia kila fundi sehemu yake: huyu msingi, huyu kuta, huyu vigae, huyu msalaba na usafi. Alibandika ukutani karatasi ya mambo ya kuangaliwa kabla ya kumwita mteja. Akaanza kuandika siku ya kumaliza na kuifuata. Wateja walishangaa sana hapo, maana sisi sote tumezoea fundi wa "kesho kutwa mama, usiwe na wasiwasi." Baba akisema Jumanne, ni Jumanne. Watu wa Marangu, wa Kilema, hata wa Njoro mjini waliokuwa na makwao mlimani walikuja Himo, ofisini kwetu, kumtafuta kwa ajili ya hiyo Jumanne yake.

Babu ndiye pekee ambaye baba hakujua amweke wapi. Hakuna aliyetaka tena terazo. Baba akampa cheo: mkaguzi. Alidhani anamheshimu, na mimi nilidhani hivyo pia. Babu atazunguka, ataangalia, watu watamwamkia, atakunywa chai. Mama alisema, "Umempa mtu nyundo na hujamwambia mwisho wa shamba uko wapi." Baba hakumsikiliza. Mimi nilifurahi, maana kila Jumamosi nilipewa kazi ya kumpelekea babu chakula popote walipokuwa wanajenga. Mimi nimepewa jina la bibi, marehemu mke wake, kwa hiyo ananiita mke wangu. Kwake tu ndipo ninapoongea bila kufikiria kwanza.

Basi Jumamosi hiyo baba alitoka nyuma, akamsikiliza yule mama mpaka mwisho, mikono mifukoni. Akasema, "Pole sana, dada. Twende tukaone." Hakupandisha sauti, hakutoa sababu. Nilichukua chupa ya babu ya mtori, ile supu yetu ya ndizi, nikapanda pikapu.

Kaburi lilikuwa juu kidogo, nyuma ya nyumba ya bati jipya. Mafundi wawili walikuwa wamekaa kwenye mifuko ya simenti wanatafuna miwa. Babu alikuwa amepiga magoti juu ya gunia, anagonga vigae kwa mpini wa nyundo, kimoja kimoja, sikio limeinama. Pembeni yake palikuwa na lundo la vipande vya rangi ya kijani ya majani ya kahawa, rangi aliyoichagua yule mama mwenyewe.

Fundi mmoja, kijana wa Majengo mwenye mdomo mrefu, alikuwa anamwambia, "Mzee, unabisha hodi hapo, kuna mtu atakufungulia?"

"Akifungua," babu akasema bila kugeuka, "nitamwambia ni wewe uliyemjengea."

Hata yule mama alitaka kucheka, nilimwona. Halafu akakumbuka.

Baba alichuchumaa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sikiliza hiki." Akagonga. "Na hiki." Akagonga tena.

Hata mimi nilisikia. Cha kwanza kilitoa sauti ya kitu kilichoshiba. Cha pili kililia kama debe. Kigae kikilia hivyo maana yake simenti imeshika pembeni tu, katikati kuna hewa, na mvua za masika zikija kitabanduka.

"Viko vingapi vya namna hii?" baba akauliza.

"Vitatu."

"Na ulivyovunja?"

"Safu mbili zote."

"Mbona zote, baba?"

"Mkono uliokosea kimoja ndio ulioweka vingine."

Baba alitoa mkono mmoja mfukoni. Aligonga vile vilivyobaki kwa kifundo cha kidole, vingi, pole pole, na uso wake ukawa kama zamani, nilipokuwa mdogo na yeye ananukia simenti. Nilidhani atavua koti. Lakini alisimama, akafuta vumbi kidoleni, akaurudisha mkono mfukoni. Akamgeukia yule mama:

"Dada, Alhamisi jioni kaburi litakuwa limekwisha. Ibada yako ni Jumapili, haitaguswa."

"Unaniahidi?"

"Nimeshasema Alhamisi."

Kisha akamwambia babu twende nyumbani. Babu akasema hajamaliza, bado safu ya miguuni. Baba akamwambia tena, safari hii kwa Kichagga, polepole sana, kama unavyomwambia mtoto anayetaka kulia mbele ya wageni. Babu akainuka. Alichukua muda kuinuka. Yule kijana wa Majengo alitupa muwa akaja kumshika mkono, na babu akauondoa mkono wake.

Kwenye pikapu tulikaa watatu mbele, mimi katikati. Chupa ya mtori ilikuwa mapajani mwangu. Hakuna aliyeniuliza ina nini.

Rangi ile ya kijani ilikuwa imekwisha Moshi mjini. Baba alituma mtu Arusha siku hiyo hiyo. Jioni fundi mkubwa alikuja, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema kwa adabu kabisa: "Bosi, mzee ni mzazi wetu, sisi hatuna neno naye. Ila akija tena kukagua, Jumatatu mimi nabaki nyumbani. Na wenzangu wamesema hivyo hivyo." Tulikuwa na makaburi mengine yasiyoguswa, na Krismasi wiki mbili na nusu mbele. Baba alimwambia, "Nimekusikia. Nenda kapumzike."

Jumapili baada ya ibada tulikuwa jikoni, mama anamenya ndizi, mimi naosha sufuria. Baba aliingia akiwa bado na tai ya kanisani.

"Itabidi aache," alisema.

Mama hakuuliza nani. "Basi mwambie."

"Siwezi kumwambia. Nitamwambiaje mtu aliyenipa hii kazi kwamba aiweke chini?"

"Basi usimwambie. Mvumilie Desemba ipite."

"Desemba haipiti mafundi wakiondoka."

Akatoka. Nilimwona dirishani akienda mpaka mwisho wa uwanja, kwenye mpaka wetu na jirani, akachagua, akakata. Alirudi na jani la sale. Kwa asiyejua kwetu: sale ni mmea wa majani marefu, tunaupanda mipakani na makaburini. Mtu akikukosea akakuletea jani lake lililofungwa fundo, husemi hapana. Kosa liwe la ng'ombe au la damu, unapokea, na ukishapokea neno limekwisha, halifufuliwi. Sijawahi kusikia mtu aliyekataa. Babu mwenyewe aliniambia kwamba anayekataa sale hana tena pa kwenda akikosea yeye.

Mama aliliona akaacha kumenya. "Unampelekea nani hiyo?"

"Baba."

"Atapeleka nani?"

Baba alinitazama.

"Hapana," mama akasema. "Sale si barua ya kumpa mwanafunzi. Unatuma wazee wawili wa ukoo, au unakwenda mwenyewe unapiga magoti. Na tena kosa lenyewe hujalifanya bado. Unaomba msamaha kwanza halafu ndiyo unakosea? Wapi umeona?"

"Nikienda mwenyewe atazungumza," baba akasema. "Akizungumza nitamwachia aendelee. Namjua yeye, na mimi najijua."

Kulikuwa kimya. Mimi nachukia kimya cha namna ile kuliko kitu chochote, huwa nahisi ni mimi ninayetakiwa kukijaza. Nikasema, "Nitakwenda."

Hakuna aliyenilazimisha. Nimelifikiria hili mara nyingi na siwezi kuliandika vinginevyo. Mama alikuwa ameshanisemea hapana, nilichotakiwa ni kuendelea kuosha sufuria.

Nilipanda kwa miguu. Kutoka kwetu mpaka kihambani kwa babu ni mwendo wa saa moja, wa kupanda tu. Jani nililiweka ndani ya Biblia, lakini ni refu, likatokeza juu na chini, kwa hiyo watu wote waliokuwa wanatoka ibada ya pili waliliona. Walinisalimu wakalitazama. Mama mmoja aliniuliza, "Unapatanisha akina nani, mwanangu?" Nikajifanya sijasikia.

Babu alikuwa nje, kwenye kigoda, anaosha miko yake. Alikuwa na miko mitatu na hakuna uliokuwa mchafu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Leo hukuleta chakula. Umepata mwanamume mwingine?"

Kwa kawaida nilipaswa kumjibu kwamba ndiyo, tena ana meno yote. Ndivyo tulivyozoea. Nilikaa kwenye jiwe. Akaniletea ndizi mbivu na maziwa kwenye kikombe cha bati, nikanywa, nikajisikia vibaya zaidi kwa sababu nilikunywa. Ndipo nikalitoa jani, nikampa kwa mikono miwili kama nilivyoona watu wakifanya.

Alilipokea akicheka. "Nani kagombana na nani tena? Kumbe mmeshaanza kunifanya mzee wa baraza."

"Ni la kwako, babu."

"La kwangu? Kanikosea nani?"

"Baba."

Aliacha kucheka. Aliligeuza lile jani, akaliangalia fundo, na upande wa chini lilipokatwa.

"Limekatwa vizuri," akasema. "Baba yako hata akikosea anakosea kwa pimamaji." Halafu akanitazama. "Kanikosea nini? Sema. Mimi ni mtu mzima."

Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba kazi imekuwa kubwa, kwamba baba anakupenda, kwamba magoti yako yanauma na sisi tunaona. Maneno yote yakakimbia. Nikasema, "Anataka uache kazi."

Kuku walikuwa wanachokora chini ya migomba.

"Kosa hili," babu akasema, "limeshafanyika, au ndiyo linafanyika sasa hivi?"

"Sijui, babu."

"Linafanyika sasa hivi. Yeye yuko kule, wewe ndiye mkono wake." Nikaanza kulia. "Usilie. Mkono haulaumiwi. Sisi tunaofanya kazi kwa mikono tunalijua hilo."

"Unaweza kukataa," nikasema. Najua nilisema, ingawa nilisema nikiwa naangalia chini.

"Hii?" Alilinyanyua lile jani. "Hii haikataliwi, mke wangu. Angekuja yeye na mdomo wake ningemkatalia asubuhi, ningemkatalia jioni, na kesho ungenikuta palepale nimepiga magoti. Anajua hivyo. Ndiyo maana hakuja." Akafikiri kidogo. "Amekuwa mwerevu. Siku zote nilikuwa naogopa hatakuwa mwerevu wa watu, ni mwerevu wa mawe tu. Kumbe amekuwa."

Sikujua kama anamsifu. Mpaka leo sijui.

Aliinuka, akalichomeka jani kwenye ukingo wa paa la banda la ng'ombe, mahali panapoonekana na kila anayeingia. Akasema kwa Kichagga maneno ambayo husemwa, kwamba amepokea, kwamba moyoni hamna kitu. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili nisije nikakosea kuyafikisha: "Mwambie nimepokea na nimeacha. Sitashika tena kaburi la mtu. Na mwambie kwenye safu ya miguuni bado kuna kimoja kinacholia, nilikisikia sikuwahi kukivunja. Cha tatu kutoka kushoto. Asikiache."

Aliiingiza ile miko mitatu ndani. Nilisubiri atoke tuagane vizuri. Alikaa sana ndani. Mwishowe nikasema mlangoni, "Babu, nakwenda," na yeye akajibu kutoka gizani, "Haya, mama." Hakusema mke wangu.

Baba alikuwa ananisubiri barabarani. Alikuwa amevua tai.

"Amesemaje?"

"Amepokea. Ameacha."

"Amekasirika?"

"Hapana."

Alishusha pumzi, ndefu, kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Nikamwambia kuhusu kile cha tatu kutoka kushoto, safu ya miguuni. Hapo uso wake ukabadilika. Aligeuka akatazama upande wa mlima, ambao siku hiyo ulikuwa umefunikwa wote na mawingu, akasimama hivyo mpaka lori moja likapita na kutupigia honi. Kisha akaingia ndani, akaandika kwenye daftari la kazi: *safu ya miguuni, cha 3 kushoto*. Akampigia yule mama simu, akampigia fundi mkubwa kwa jirani yake. Alikuwa na sauti nzuri kwenye simu, ya mtu unayeweza kumwachia jambo lako. Mama alimwekea chakula. Alikula, akasema kitamu. Mama akaanza kuondoa vyombo.

Desemba hiyo tulimaliza makaburi yote. Lile la kijani liliisha Alhamisi, saa kumi, kama alivyosema. Ilikuwa mara ya kwanza baba kukaa nasi siku ya Krismasi nzima bila kwenda kwenye kazi, na babu alikuja, akala, akamwekea baba mkono kichwani kama inavyotakiwa. Hakuna aliyekuwa na kinyongo na mwenzake. Walikaa wanaongelea bei ya kahawa na wanunuzi wapya waliokuwa wanazunguka vijijini, wakaitikiana vizuri, kama majirani.

Lakini nilichotaka kuandika ni asubuhi ya Jumatatu, siku moja baada ya mimi kupeleka lile jani.

Nilifungua ofisi saa mbili. Mafundi walikuwa wameshaondoka na pikapu, wote, wanacheka. Sikuwa nimefuta hata meza waliingia wanaume wawili, ndugu, unaona kwa masikio. Wametoka Dar usiku, mashati yamekunjamana. Nikawaamkia, wakaitikia vizuri.

"Tunamtafuta mzee mmoja," mkubwa akasema. "Mzee wa terazo. Alimjengea baba yetu, mimi nikiwa na suruali fupi. Alikaa kwetu wiki mbili, mama akawa anamlalamikia kwamba anamaliza maji ya mfereji."

"Kaburi lile halina ufa mpaka leo," mdogo wake akasema. "Watoto wanakalia."

"Sasa mama naye ametutoka. Tunataka lifanane na la baba. Alisema mwenyewe, nilazeni kama yeye, msinipambe. Tumeambiwa huyo mzee yuko hapa."

Baba alikuwa amenifundisha la kusema mteja wa namna hiyo akija. Unasema siku hizi tunaweka vigae, na tunaweza kuweka juu ya makaburi yote mawili yakafanana kabisa, na tutamaliza siku fulani. Nilikuwa nayajua maneno yote. Niliwatazama, wote wawili, usoni.

"Hayuko hapa," nikasema. "Ameacha kazi."

"Ameacha lini?"

"Jana."

"Jana?" Yule mdogo akacheka kidogo, akidhani ni utani. "Ameacha au mmemwachisha?"

"Tumemwachisha," nikasema. "Mimi ndiye niliyepeleka habari."

Nilijua kwamba wakienda kwake atawakatalia. Amepokea sale na ametoa neno lake, na babu si mtu wa kulitangua neno. Lakini nilitaka asubuhi ile mtu asimame uwanjani kwake na kumwomba. Nilitaka yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, amkatalie mtu anayemhitaji.

Nilitoka nao mpaka barabarani. Nikawaelekeza: wapande na njia ya Marangu, wapite mfereji wa kwanza, wa pili wakunje kulia, watafute banda la ng'ombe lenye jani la sale kwenye ukingo wa paa. Nikawaambia wasimpigie honi, wateremke, wapige hodi, na wakikaribishwa wakae kwanza. Mkubwa aliniuliza waseme wametumwa na nani.

"Semeni mmelala safarini kuja kumtafuta yeye," nikasema. "Inatosha."

Walipokosea pale njia panda ya Marangu nikakimbia nyuma ya gari katikati ya watu wa sokoni, nikiita kwa sauti, nikiwapungia mkono washike kushoto, mpaka wakaniona na kugeuza.